Mzigo namba 1187 na karatasi isiyo yake

Simu ya mhasibu wa chama cha ushirika, ambacho nilikijengea mfumo wa kompyuta wa kutunza nyaraka, ilinikuta Mtwara mjini, nimekaa kwa mama ntilie, chapati yangu haijageuzwa. Ilikuwa Novemba 2019, msimu wa korosho umepamba moto. Nikamwamkia, akaitikia nusu nusu.

"Marahaba. Fundi, mfumo wako umechanganyikiwa. Mzigo wa jana una karatasi ya watu wengine."

"Karatasi gani, mama?"

"Orodha ya mizani. Gari limepakia jana, orodha ni ya siku sita nyuma. Majina siyo, kilo siyo. Na wenye kilo wako hapa nje wananisubiri."

Nilimwambia ni jambo dogo, nitaliangalia. Chapati niliila, lakini sikumbuki ladha yake.

Kwa asiyejua mambo ya huku kusini: tangu msimu wa 2007/08 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima analeta korosho chama cha msingi, zinapimwa na kupangwa daraja, gari linazipeleka ghala kuu, zinauzwa mnadani, fedha zinaingia benki. Kila hatua inazaa karatasi. Msimu wa 2018/19 serikali ilipoingilia kati kuzinunua yenyewe, timu za uhakiki zikapita kutafuta nani ana shamba na nani ni kangomba, yaani mlanguzi wa korosho za wenzake, na mimi nikajionea kwa macho jinsi mtu mzima anavyoweza kutetemeka akitafuta kipande cha karatasi. Kwa hiyo "karatasi ya watu wengine" kwenye mzigo wako si jambo dogo hata kidogo, na nilijua hivyo nilipokuwa nikisema ni dogo.

Mfumo nilianza kuujenga mwanzoni mwa 2018, kwa Laravel 5.6, vifaa vya kuundia programu za tovuti, na MySQL 5.7, kanzidata ya kutunzia data kwenye majedwali. Seva ilikuwa kompyuta moja iliyowekwa chini ya meza ya karani, pembeni ya ndoo ya maji ya kunywa. Kazi yenyewe nilielezwa na mwenyekiti kwa sentensi moja: "Tunataka karatasi zote ziingie kwenye kompyuta, halafu ukigusa chochote uone karatasi zake."

Neno lililoniponza ni *chochote*.

Uhusiano wa wengi kwa wengi kila aliyepita darasani anaujua. Mwanafunzi anasoma masomo mengi, somo lina wanafunzi wengi, basi katikati unaweka jedwali la tatu lenye safu mbili, moja inamwelekea mwanafunzi na nyingine inalielekea somo. Kazi imekwisha. Kwetu upande mmoja ulikuwa vilevile: jedwali la nyaraka. Ila upande wa pili haukuwa jedwali moja. Orodha ya mizani inahusu wakulima 38 na mzigo mmoja. Hati ya ghala inahusu mzigo na gari. Barua ya malalamiko inahusu mkulima mmoja na malipo yake mawili. Orodha ya kugawa salfa inahusu kijiji kizima na haihusu mzigo wowote.

Nikaandika hivi:

```
CREATE TABLE viungo (
  waraka_id  BIGINT NOT NULL,
  kitu_aina  VARCHAR(60) NOT NULL,
  kitu_id    BIGINT NOT NULL,
  imeundwa   TIMESTAMP NOT NULL DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP,
  PRIMARY KEY (waraka_id, kitu_aina, kitu_id),
  FOREIGN KEY (waraka_id) REFERENCES nyaraka (id)
);
```

Safu ya kitu_aina inasema ni jedwali gani, safu ya kitu_id inasema ni mstari upi ndani ya jedwali hilo. Kiungo kilekile leo kinamwelekea mkulima, kesho gari. Kinabadilika kama kinyonga, ndiyo maana wataalamu wanauita uhusiano wa polimofiki. Laravel inakupa jambo hili bure, kwa mstari mmoja wa msimbo. Wenzangu wanaotumia Django, vifaa vingine vya aina hiyo, wana njia yao inayofanana na hii. Mwenyekiti aliporudi kuomba mihtasari ya vikao nayo iwe na nyaraka, nilimaliza kabla chai haijapoa, nikajiona bingwa.

Sasa rudi uutazame ule mstari wa FOREIGN KEY. Upo mmoja. Ufunguo wa kigeni ndiyo njia ya kuiambia kanzidata "namba hii ni lazima iwepo kule". Nimeuweka kwa waraka_id. Kwa kitu_id sikuuweka, na si kwa uvivu: haiwezekani. Ufunguo wa kigeni unaelekea jedwali moja, hauwezi kusoma safu ya jirani kisha uamue leo uelekee wapi. Kwa hiyo nusu ya uhusiano ilikuwa inalindwa na kanzidata, na nusu ya pili ilikuwa inalindwa na mimi, kwa ahadi ya mdomo.

Siku ile ya simu nikaingia kwenye seva kutoka kwenye simu yangu, nikatafuta mzigo 1187. Umeingizwa jana, sawa. Viungo vyake ni viwili. Kimoja cha jana. Kingine kimeundwa siku sita kabla.

Nikakitazama kwa muda. Kiungo kimezaliwa kabla ya mzigo kinaouelekea.

Nilimpigia karani. Kijana mwaminifu, hakuficha kitu. Akasema wiki iliyopita aliingiza mzigo mmoja mara mbili, ukawa 1186 na 1187, akaambatanisha orodha ya mizani kwenye ule wa pili, ndipo akagundua. Akaifuta 1187, akaambatanisha orodha upya kwenye 1186. Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe. Baada ya hapo magunia yakaadimika, siku kadhaa hakuna gari lililotoka. Halafu akaongeza kwa sauti ya mtu anayesimulia hali ya hewa: "Na Jumatano umeme ulikatika, kompyuta ikazima."

Betri ya kifaa cha kutunza umeme ilikuwa imekufa tangu Agosti. Hilo nalijua kwa sababu ni mimi niliyesema tutanunua nyingine.

Nani angedhani umeme una uhusiano na karatasi ya mizani? Mpaka toleo la 5.7, MySQL kwa majedwali ya InnoDB, aina yake ya kawaida, ilikuwa inatunza hesabu ya namba inayofuata kwenye kumbukumbu ya muda tu, haikuiandika diskini. Seva ikizima na kuwaka tena, inaangalia namba kubwa iliyobaki kwenye jedwali, inaongeza moja, inaendelea. Namba kubwa iliyobaki ilikuwa 1186, maana 1187 ilifutwa. Gari la Jumamosi likapewa 1187 kwa mara ya pili. Na kwenye jedwali la viungo kulikuwa na mstari mmoja uliosahaulika, umeshika waraka mkononi, unamsubiri mzigo namba 1187. Mzigo ukatokea, nao ukaupokea.

Tatizo hili lina namba yake kwenye orodha ya hitilafu za MySQL: 199. Liliripotiwa 2003, likatibiwa kwenye toleo la 8.0 lililotoka 2018. Miaka 15, umri wa mtoto aliye sekondari. Nilipolisoma nilifurahi sana, nikazunguka ofisini nikimwonyesha kila mtu kwamba kosa si langu.

Furaha ilidumu mpaka usiku. Hata kama namba zisingejirudia, kile kiungo yatima kingebaki pale kinaelekea hewani. Kungekuwa na ufunguo wa kigeni, karani asingeweza kuifuta 1187 kabla ya kuondoa karatasi yake, na umeme ungekatika hata mara kumi bila madhara. Umeme ulifunua tu kilichokuwa chini ya mkeka.

Nikaweka kiraka. Kwenye msimbo nikaandika kwamba mzigo ukifutwa, viungo vyake vifutwe kwanza. Kiraka kizuri, kwa anayepita mlangoni. Ila Laravel ikifuta mistari mingi kwa pamoja kwa amri moja, haiamshi matukio ya kila mstari, kwa hiyo kiraka hakiamki. Na mimi mwenyewe, nikiwa na haraka, nilikuwa nafuta kwa phpMyAdmin, programu inayogusa kanzidata moja kwa moja, ambako kiraka hakijulikani kabisa. Yatima wakaendelea kuzaliwa, taratibu, bila kelele.

Pigo la pili lilikuja 2021 tulipopandisha mfumo kwenda Laravel 8. Toleo hilo linaweka modeli, yaani klasi za msimbo zinazowakilisha majedwali, kwenye folda yake, kwa hiyo klasi iliyokuwa App\Mkulima nikaihamisha ikawa App\Models\Mkulima. Nikajaribu kurasa: zinafunguka. Wakulima wapo, mizigo ipo, malipo yapo. Nikafunga kompyuta.

Asubuhi karani anapiga simu: "Fundi, karatasi zote zimeondoka."

Hazikuondoka. Kama hukuielekeza vinginevyo, Laravel huandika kwenye ile safu ya aina jina zima la klasi. Kwa miaka mitatu nilikuwa naandika maneno "App\Mkulima" ndani ya kanzidata ya chama cha ushirika. Sasa mfumo mpya ulikuwa unauliza nyaraka za "App\Models\Mkulima", na kanzidata inajibu kwa adabu: hakuna. Hakuna kosa lililoonekana kwenye skrini wala kwenye faili la kumbukumbu za hitilafu. Swali ndilo lililokuwa la kijinga, jibu lilikuwa sahihi.

Nikaandika UPDATE ya kubadilisha majina, ikaniambia imegusa mistari 0. Nikairudia: 0. Ilinichukua karibu saa nzima kukumbuka kwamba kwa MySQL ile alama ya mkwaju wa nyuma ndani ya nukuu ina kazi yake maalumu, ni lazima uiandike mara mbili, la sivyo inamezwa na wewe unatafuta "AppMkulima" ambayo haijawahi kuwepo duniani. Nilipoiandika mara mbili, karatasi zikarudi. Baadaye nikaweka ramani ya majina mafupi, 'mkulima', 'mzigo', ili folda zangu zisiingie tena kwenye data za watu. Ramani hiyo ingepaswa kuwepo tangu siku ya kwanza, na kama unatumia uhusiano wa aina hii leo na hujaiweka, acha kusoma, kaiweke.

Hapo ndipo nilipoamua kujenga upya, kabla msimu haujaanza. Nilikuwa na miezi michache, wakati watu wako mashambani wanapuliza salfa na ofisi imetulia.

Njia ya kwanza inayokuja akilini ndiyo ya wazi kuliko zote: kila aina na jedwali lake la kati. waraka_mkulima, waraka_mzigo, waraka_malipo, waraka_gari. Kila moja lina funguo mbili za kigeni halali. Ndiyo ushauri ambao GitLab, kampuni ya programu, wanawapa wahandisi wao kwenye mwongozo wao, kwamba uachane na uhusiano wa polimofiki na utumie majedwali tofauti. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kuujua waraka mmoja unahusu nini na nini, unauliza majedwali manne na kuunganisha majibu, na kila aina mpya inakuja na jedwali jipya. Hilo si la kukuua. Mtu akiniuliza leo ana aina tatu au nne afanye nini, namwambia afanye hivyo alale usingizi.

Njia ya pili ni jedwali moja la kati lenye safu nne, mkulima_id, mzigo_id, malipo_id na gari_id, kila moja na ufunguo wake wa kigeni, na sharti kwamba moja tu ndiyo iwe na namba na nyingine ziwe tupu. Nilikuwa nimeijaribu hii mapema, kwenye ileile MySQL 5.7. Nikaandika sharti la CHECK, amri ikapita, nikafurahi. Kisha kwa kujaribu nikaingiza mstari wenye safu zote tupu. Ukaingia. Nikaingiza wenye zote nne zimejaa. Ukaingia pia. MySQL ya zamani inaisoma CHECK, inaitikia kwa kichwa, halafu inaitupa. Ilianza kuitekeleza kweli toleo la 8.0.16, mwaka 2019. Afadhali ingekataa amri yangu tangu mwanzo. Kwa PostgreSQL, kanzidata nyingine, sharti hilo linaandikika vizuri, `CHECK (num_nonnulls(mkulima_id, mzigo_id, malipo_id, gari_id) = 1)`, na linashika. Lakini ufunguo mkuu, yaani safu zinazotambulisha kila mstari, hauwezi kuwa na safu tupu, kwa hiyo kuzuia waraka usiambatanishwe mara mbili kwa mkulima yuleyule unaandika faharasa nne za pekee, zinazokataa marudio, moja kwa kila aina. Inafanya kazi. Haipendezi.

Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya kwanza nilipokwenda msibani kijijini, na jioni nikajikuta nimekaa mkekani na mama mmoja mstaafu wa masjala ya serikali. Akaniuliza kazi yangu nini siku hizi. Nikamweleza kwa lugha rahisi: nina karatasi, karatasi moja inaweza kumhusu mtu, au mzigo, au gari, au vyote kwa pamoja, na kompyuta inashindwa kujua imeambatanishwa na nini.

Akacheka. "Mwanangu, kwani nyinyi karatasi mnamwekea mtu? Sisi karatasi haiingii kwa mtu. Inaingia kwenye jalada."

"Na ikiwahusu watu wawili?"

"Inaingia majalada mawili. Nakala huku, nakala kule. Kila jalada na folio yake, huku inaweza kuwa folio ya tatu, kule ya arobaini. Mtu ana jalada, nyumba ina jalada, gari lina jalada. Masjala haimjui mtu wala gari. Masjala inajua majalada."

Nilitamani kuinuka pale pale, lakini ilikuwa msibani.

Miaka mitatu nilikuwa nahangaika na "chochote", kumbe kina jina, na jina lenyewe linatumiwa na kila karani wa nchi hii tangu kabla sijazaliwa. Uhusiano wangu haukuwa kati ya waraka na vitu vinne tofauti. Ulikuwa wengi kwa wengi wa kawaida, waraka na jalada, ule wa darasani wa mwanafunzi na somo. Kinyonga alitokana na mimi kutoliona jedwali lililokosekana.

Tukahamia PostgreSQL 13, nikaandika:

```
CREATE TABLE majalada (
  id    BIGINT GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  aina  TEXT NOT NULL CHECK
        (aina IN ('mkulima','mzigo','malipo','gari','mengineyo')),
  UNIQUE (id, aina)
);

CREATE TABLE mizigo (
  jalada_id  BIGINT PRIMARY KEY,
  aina       TEXT NOT NULL DEFAULT 'mzigo' CHECK (aina = 'mzigo'),
  namba      TEXT NOT NULL UNIQUE,
  kilo       NUMERIC(10,2) NOT NULL,
  FOREIGN KEY (jalada_id, aina)
    REFERENCES majalada (id, aina) ON DELETE CASCADE
);

CREATE TABLE jalada_waraka (
  jalada_id  BIGINT NOT NULL REFERENCES majalada (id),
  waraka_id  BIGINT NOT NULL REFERENCES nyaraka (id),
  folio      INT NOT NULL,
  PRIMARY KEY (jalada_id, waraka_id),
  UNIQUE (jalada_id, folio)
);
```

Wakulima, malipo na magari yamejengwa kama mizigo. Watu wengi wakiona safu ya aina imerudiwa ndani ya mizigo wanadhani nimesahau kuifuta. Sikusahau. Ndiyo inayozuia jalada namba 50 kuwa la mkulima na la gari kwa wakati mmoja. Kwenye majalada namba 50 ina aina moja tu. Jedwali la mizigo linakubali aina ya 'mzigo' peke yake. Na ufunguo wa kigeni unadai namba na aina vifanane kwa pamoja. Ukijaribu kudanganya, kanzidata inakataa, hata ukitumia mlango wa nyuma.

Kuna tundu moja ambalo nililiona baada ya wiki mbili, nikiwa tayari nimeshajisifu. Jedwali la mizigo ndilo linaloelekea majalada, si kinyume chake. Kwa hiyo mtu anaweza kufuta mstari wa mzigo, na hakuna atakayemkataza. Jalada linabaki na nyaraka zake bila mwenyewe. Tatizo lilelile limevaa kanzu mpya. Nililiziba kwa ruhusa: akaunti ambayo programu inaitumia kuingia kwenye kanzidata haina ruhusa ya DELETE kwenye mizigo, wakulima, malipo wala magari. Inaruhusiwa kufuta jalada tu. Ukifuta jalada tupu, ile ON DELETE CASCADE inaondoka na mzigo wake, maana PostgreSQL inaifanya kazi hiyo kwa ruhusa za mwenye jedwali. Ukifuta jalada lenye waraka hata mmoja, jalada_waraka inakataa na hakuna kinachoguswa.

Bado inawezekana programu ikafungua jalada na isiliwekee mwenyewe. Kila usiku kuna ukaguzi mdogo unaohesabu majalada ya namna hiyo na kunitumia ujumbe. Ningeweza kulizuia kabisa kwa trigga, yaani amri inayojiendesha ndani ya kanzidata, lakini niliona ukaguzi unatosha.

Sehemu iliyonichosha haikuwa SQL. Ilikuwa kuhamisha data za zamani. Viungo yatima vilikuwa mia tatu na kitu, na kila kimoja kilikuwa ni karatasi ya mtu. Tulikaa na karani siku nne, yeye anasoma picha ya karatasi, mimi natafuta. Nyingi zilikuwa ni zile alizokosea akarudia, tukazifuta. Nyingine zilikuwa za wakulima waliofutwa kwa sababu wameandikishwa mara mbili, tukazirudisha kwao. Na zilibaki chache ambazo hatukujua ni za nani, mwandiko haujulikani, tarehe imeloa. Ndiyo sababu ya aina ya 'mengineyo' kwenye ile orodha. Yule mama wa masjala alikuwa ameniambia kila masjala ina jalada hilo, na asiyekuwa nalo anazificha droo ya chini.

Pia tulikuta viungo vya hatari zaidi ya yatima: vile ambavyo, kama cha 1187, vilikuwa vimeshapata mzazi mwingine baada ya seva kuzima. Hivyo havionekani kwa kutafuta namba zilizokosekana, kwa sababu namba ipo. Nilivitafuta kwa kulinganisha tarehe, kiungo chochote kilichozaliwa kabla ya kitu chake. Vilikuwa vitano. Bila ile safu ya imeundwa, ambayo niliiweka kwa mazoea tu, nisingevipata hata kimoja.

Gharama ya muundo mpya ipo, nisiwafiche. Kila ukiingiza mzigo unaandika mistari miwili ndani ya muamala mmoja. Maswali mengi yana jedwali moja zaidi la kupitia. Laravel nayo inanuna kidogo, maana haikuzoea ufunguo mkuu ambao umetoka jedwali jingine, ni lazima uieleze. Kwa chama chenye wakulima elfu chache sijaona tofauti ya kasi ambayo binadamu anaweza kuihisi.

Na kinyonga sikumtupa kabisa. Bado nina jedwali moja la polimofiki, lile la kumbukumbu za matukio: nani amebadilisha nini, lini. Hilo nimelikusudia lisiwe na ufunguo wa kigeni, kwa sababu kazi yake ni kukumbuka hata vitu vilivyofutwa. Mstari unaosema "mzigo 1187 umefutwa na karani" ni lazima uelekee mahali ambapo hakuna kitu tena. Waraka ni tofauti. Waraka unaoelekea mahali pasipo na kitu ni karatasi ya mtu iliyopotea.

Oktoba ile mnada wa kwanza ukaanza na mfumo mpya. Wiki ya pili, simu ya karani.

"Fundi, mfumo wako umekataa."

"Umekataa nini?"

"Nimeingiza mzigo mara mbili tena. Nafuta huu wa pili, unasema jalada lina nyaraka mbili."

"Nyaraka gani?"

Nikasikia kipanya kikibofya, kisha kimya, kisha sauti ya kiti kikisogezwa.

"Orodha ya mizani," akasema. "Na hii hati ya ghala ambayo tunaitafuta tangu juzi."